Kidinga Pepo: Jina la Ugonjwa na Utambuzi wa Maradhi katika Pwani ya Afrika Mashariki

Katika mijadala yetu juu ya ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, majina ya maradhi yameshughulikiwa zaidi kama tatizo la kutafsiri. Daktari ana neno lake la Kigiriki au la Kilatini, nasi twatakiwa tumpatie la kwetu. Ni nadra kuulizwa swali la kinyume, yaani daktari mwenyewe amejifunza nini kutokana na maneno ya mgonjwa, na hasara gani hupatikana maneno hayo yanapopotea njiani kati ya kinywa cha mgonjwa na kalamu ya mganga. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa kufuata historia ya jina moja, *kidinga pepo*, ambalo kamusi zetu siku hizi huliandika *kidingapopo*. Jina hilo lilitoka Unguja, likasemekana limevuka bahari mbili, na hatimaye likarudi nyumbani likiwa limevaa mavazi ya kigeni na, yamkini, likiwa limebeba ugonjwa usio wake.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya kile ambacho waganga hukiita kisa. Kisa cha mgonjwa ni masimulizi: nani aliugua, lini, alianza kuhisi nini, dalili zilifuatana vipi, na mwisho wake ulikuwaje. Tangu zamani tiba ya magonjwa ya ndani imefundishwa kwa visa kwa sababu ugonjwa wa ndani hauonekani kama jeraha. Huoneshwa na mambo ambayo mgonjwa peke yake ndiye ayajuaye. Msomaji anayejua Kiarabu atamkumbuka al-Razi, tabibu wa Ray na Baghdad aliyefariki kiasi cha mwaka 925. Katika risala yake juu ya *al-judari* na *al-hasba*, yaani ndui na surua, aliyatenga magonjwa mawili ambayo yote huanza kwa homa na kuishia kwa vipele. Jambo la kuzingatia ni namna alivyoyatenga. Alisema kuwa maumivu ya mgongo ni alama ya ndui zaidi kuliko ya surua, ilhali kichefuchefu na dhiki ya moyo huonekana zaidi katika surua. Alama hizo hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa mkono. Ilimlazimu tabibu aulize, naye mgonjwa ajibu, na jibu lieleweke.

Mafundisho ya kando ya kitanda yalipata umbo lake mashuhuri katika mji wa Leiden, Uholanzi, ambako Boerhaave, kuanzia 1714, aliwafundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Ulaya akitumia vitanda kumi na viwili tu, sita vya wanaume na sita vya wanawake. Huko Marekani, mwaka 1900, mwanafunzi mmoja wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, aliandika makala akitaka masomo ya tiba yafundishwe kwa visa vilivyoandikwa, kama wenzake wa sheria walivyokuwa wakifundishwa kwa kesi za mahakamani. Mwalimu wake, Richard Cabot, alilichukua wazo hilo na mwaka 1906 akatoa kitabu kizima cha visa vya kufundishia. Ulinganisho na mahakama haukuwa wa bure. Mgonjwa ni shahidi, na ushahidi wake ukiandikwa vibaya hukumu nayo huharibika.

Na tuje sasa Unguja.

Mwaka 1870 ulikuwa mgumu kwa watu wa kisiwa kile. Kipindupindu kilichoingia mwaka uliotangulia kilikuwa kimeua watu wengi mno. Seyyid Majid alifariki mwezi wa Oktoba na nduguye Barghash akatawala. Katika mwaka huohuo ukazuka ugonjwa mwingine, ambao haukuua ila wachache sana, lakini uliwaangusha watu nyumba kwa nyumba, Waarabu, Wahindi, Waswahili na Wazungu bila ya kubagua. Mganga wa Kiskoti aliyekuwa akikaa Unguja wakati ule, James Christie, alitibu wengi na mwenyewe akaandika habari zake katika jarida la madaktari wa Kiingereza mwaka 1872. Huyu ndiye yule aliyetoa kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki mwaka 1876, kitabu ambacho wanahistoria wa pwani bado wanakitumia. Jambo lililo muhimu kwetu ni kwamba makala yake ya 1872 hakuyapa jina la Kilatini. Katika anwani yenyewe aliandika *kidinga pepo*, kama alivyolisikia.

Christie aliwauliza wazee. Wakamwambia kwamba ugonjwa ule si mgeni. Uliwahi kuja kiasi cha mwaka 1823, na jina lake lilikuwa hilohilo. Hapa pana ushahidi wa aina ambayo wataalamu wa fasihi simulizi wataithamini: jina lililohifadhiwa katika kumbukumbu za watu kwa miaka 47 pasipo maandishi, kisha likatolewa ghalani ugonjwa uliporudi. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1823 aliutambua ugonjwa mwaka 1870 kwa kuuona ukiwashika jirani zake. Hakuwa na pimajoto wala maabara. Alikuwa na kisa kimoja na jina lake.

Maana aliyopewa Christie ilikuwa ni mshtuko wa ghafula, kama mkakamao wa viungo, uletwao na pepo. Katika baadhi ya maandishi jina hilo hupatikana kwa kiambishi *ka-* badala ya *ki-*, yaani *ka dinga pepo*. Lakini umbo lenye *ki-* ndilo linalokubaliana na mazoea ya Kiswahili cha Unguja. Tukitazama ngeli ya KI-VI tutaona kwamba imekuwa kama wodi ya lugha yetu: kifua, kifafa, kichaa, kichocho, kifaduro, kichomi, kisonono, kisunzi, kipindupindu. Sisemi kwamba kila jina la ugonjwa limo humo. Ndui, surua na safura hazimo. Lakini jina jipya la maradhi linapoundwa kutokana na kitendo, aghalabu huingia mlango huo. Kipindupindu humpindua mtu, na kizunguzungu humzungusha. Majina haya hayasemi ugonjwa ni nini. Yanasema unamfanya mtu nini. Ni kisa kizima kilichofupishwa kikawa neno moja.

Kuhusu *pepo* na *popo* nina maoni yangu, nayo ni maoni tu. Maandishi ya zamani zaidi yana *pepo*. *Popo* limekuja kuzoeleka baadaye katika kamusi. Tafsiri ya wazee kwamba ugonjwa ni kushikwa na pepo inaafikiana vyema na namna tunavyosema hadi leo kwamba mtu *ameshikwa* na homa, *amepatwa* na ugonjwa, au kwamba ugonjwa *umempanda*. Mgonjwa ni mtendwa na maradhi ni mtenda. Popo hana kazi katika picha hiyo. Huenda *dinga* lilipoacha kueleweka kwa wasemaji, sehemu ya pili nayo ikaanza kuteleza, kama ilivyotokea kwa maneno mengi ambayo shina lake limesahaulika.

Ugonjwa wa 1870 haukubaki Unguja. Mwaka 1871 ulikuwa Aden, na katika 1871 na 1872 ukaenea Bara Hindi, ukipita njia zilezile za majahazi na meli zilizokuwa zikichukua pembe, karafuu na nguo. Vilevile ule wa 1823 ulifuatiwa na ugonjwa kama huo Bara Hindi mwaka 1824, kisha katika visiwa vya Karibi mnamo 1827 na 1828. Huko Karibi ndiko lilikozuka jina *dengue*. Waingereza wa visiwani waliuita ugonjwa huo kwa jina la vijana watanashati wanaotembea kwa madaha, kwa sababu mgonjwa alitembea amekakamaa, akiogopa kukunja viungo. Wahispania wa Kuba wakasema *dengue*, neno ambalo katika lugha yao lilikuwa tayari lina maana ya madeko na kujitia adabu kupita kiasi.

Hoja ya Christie, aliyoiendeleza mwaka 1881, ni kwamba *dengue* ya Kuba si neno la Kihispania bali ni *dinga* ya Unguja, lililochukuliwa na watumwa kutoka pwani yetu. Kamusi kubwa za Kiingereza zimeipokea hoja hiyo, nasi Waswahili tumefurahi kuirudia, kwani ni nani asiyependa kusikia kwamba neno lake limezunguka dunia? Hata hivyo inatupasa tuitazame kwa jicho la mtaalamu. Kwa upande wa sauti hakuna tatizo kubwa: *dengue* kwa Kihispania hutamkwa karibu sawa na *denge*, na badiliko la *i* kuwa *e* si la ajabu. Kwa upande wa historia ni kweli kwamba watu wa Afrika Mashariki walipelekwa Kuba kwa utumwa katika miaka hiyo. Lakini neno la Kihispania lilikuwapo kabla, nalo lina maana inayokaribiana na ile ya mwendo wa mgonjwa. Naona si lazima tuchague moja. Yawezekana neno geni lilifika, likakutana na neno la nyumbani linalofanana nalo, wenyeji wakalielewa kwa maana yao. Jambo la hakika ni dogo kuliko hilo, nalo linatosha: katika lugha tatu, watu walioona ugonjwa huo waliupa jina kwa kutazama jinsi mgonjwa anavyokakamaa viungo.

Hapo ndipo penye kiini cha habari, maana kuna ugonjwa mwingine. Mwaka 1780, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Rush aliandika habari za homa ambayo watu waliiita homa ya kuvunja mifupa. Mgonjwa aliumwa na kichwa, mgongo na nyonga, na macho yakamuuma kwa ndani. Baada ya 1828 jina *dengue* lilienea, likaufunika ugonjwa wa Rush pamoja na ule wa Unguja, kwa kuwa zote zilikuwa homa za ghafula zenye maumivu makali na vipele. Kwa zaidi ya karne moja madaktari waliziona kuwa ni homa moja. Kisha mwaka 1943 Wajapani wawili, Kimura na Hotta, wakaipata virusi iletayo dengi katika damu ya wagonjwa, na mara baada ya hapo Sabin naye akaipata katika utafiti wa Wamarekani. Tangu wakati huo jina likawa limepigiliwa msumari. Dengi ikawa ni ugonjwa wa virusi hiyo, basi. Hakuna aliyeuliza kama ndiyo iliyowashika watu wa Unguja mwaka 1870.

Swali hilo lilianzia Newala. Mwishoni mwa 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde kusini mwa Tanganyika, watu walianza kuangushwa na homa ambayo iliwashika kwa ghafula mno, hata mtu aliyekuwa akitembea hakuweza kuendelea na safari yake. Uwanda ule hauna mito wala visima vya kutosha. Watu walikuwa wakiteka maji mbali bondeni na kuyaweka katika vyungu ndani ya nyumba, na ndani ya vyungu hivyo mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana kwa wingi. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliandika namna ugonjwa ulivyoenea. Na Ross akaitenga virusi yenyewe. Maandishi ya wawili wa kwanza yalitoka mwaka 1955, ya Ross mwaka 1956. Kwa dalili ugonjwa ulifanana sana na dengi, nao walisema hivyo. Lakini virusi haikuwa ya dengi. Ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa.

Robinson alifanya kama Christie. Aliwauliza wenyeji wanauitaje, wakamwambia *chikungunya*, naye akaandika kwamba maana yake ni kile kinachopinda au kukunja. Msomaji ataona mara moja kwamba *chi-* ya Kimakonde ni *ki-* yetu, ngeli ileile ya saba, na kwamba kitenzi kilichomo, *kungunyala*, husema habari ya kitu kukauka na kujipinda. Waswahili tutakumbuka *kukunja* na *kujikunyata*, ingawa sidai kwamba shina ni moja bila ya uchunguzi wa wajuzi wa Kimakonde. Hapa nataka niondoe kosa linalorudiwa mno. Vitabu na magazeti mengi, hata ya kitaalamu, yamesema kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli. Ni la Kimakonde, na kulinyang'anya ni dhuluma ndogo ambayo sisi wenye lugha kubwa tusingependa tufanyiwe.

Mwaka 1959 jambo kama hilo likatokea tena, upande wa kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliuita ugonjwa wao *o'nyong-nyong*, jina linaloelezwa kuwa na maana ya kulegeza au kuvunja viungo. Kiacholi ni lugha ya jamii ya Kiluo wala haina ngeli kama zetu, lakini tazama jinsi takriri inavyofanya kazi ileile inayofanywa na kipindupindu na degedege. Ugonjwa huo ulienea hata Kenya na Tanganyika, ukawapata watu wapatao milioni mbili kwa muda wa miaka michache. Virusi yake ni ndugu wa karibu wa chikungunya, ingawa huletwa na Anofelesi, mbu wa malaria, jambo lililowashangaza wataalamu.

Basi tazama hali ilivyokuwa. Jamii tatu za Afrika Mashariki, zenye lugha tatu, ziliiona homa ikija, na kila moja ikaipa jina kwa dalili ileile: si homa yenyewe, si vipele, si kichwa, bali viungo. Waunguja walisema kukakamaa, Wamakonde kupindika, Waacholi kuvunjika au kulegea. Kwa ushahidi wa maabara twajua kwamba majina mawili kati ya hayo matatu ni ya virusi za ukoo mmoja. La tatu je?

Mwaka 1971 daktari wa Kimarekani, Donald Carey, aliandika makala katika jarida la historia ya tiba akiuliza kama dengi na chikungunya hazikubadilishwa moja kwa nyingine. Alivirudia visa vya zamani, vya Unguja na vya Bara Hindi, akavisoma kama daktari wa zamu anavyosoma karatasi ya mgonjwa aliyelazwa na mwenzake jana usiku. Aliona kwamba katika visa hivyo maumivu yalikuwa ya viungo hasa, yalianza kwa ghafula mno, na, lililo kubwa, hayakwisha homa ilipokwisha. Yalibaki, au yalikwenda yakarudi, kwa majuma na hata miezi. Dengi haifanyi hivyo. Dengi huumiza nyama za mwili, mgongo, na nyuma ya macho. Mgonjwa akipona uchovu humkalia, lakini viungo vyake huwa salama. Carey akahitimu kwamba kidinga pepo ya 1870, na yamkini ya 1823, ilikuwa chikungunya. Ugonjwa wa Rush ndio uliokuwa dengi. Jina lilikuwa la ugonjwa wa kwanza, virusi ikawa ya wa pili.

Mimi nalikubali shauri la Carey kwa mwaka 1870. Ushahidi wa Christie ni wa mtu aliyeona, aliyeandika karibu na tukio, na aliyeweka jina la wenyeji bila ya kulisafisha. Kwa mwaka 1823 nasita kidogo. Tuna kumbukumbu za wazee waliosema ni ugonjwa uleule, na kumbukumbu, hata ikiwa nzuri, hupenda kuyafananisha mambo. Tena hakuna damu ya mtu yeyote wa miaka hiyo iliyohifadhiwa. Hukumu nzima inasimama juu ya maneno. Hata hivyo ni maneno ya namna gani! Laiti Christie angaliandika tu, kama walivyofanya wengi wa zama zake, kwamba kulikuwa na homa yenye maumivu ya mwili, Carey asingalikuwa na la kusoma.

Njia ya 1870 ilirudiwa mbele ya macho yetu. Katikati ya mwaka 2004, wakati wa ukame, chikungunya ilizuka Lamu. Ukame ulikuwa umewafanya watu waweke maji majumbani kwa muda mrefu, kama Newala. Uchunguzi wa damu uliofanywa mwezi wa Oktoba ulionesha kwamba asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ilikuwa Ngazija. Katika 2005 na 2006 iliwashika zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa cha Réunion. Kisha ikaingia Bara Hindi na kuwapata zaidi ya watu milioni moja. Mwishoni mwa 2013 virusi ya jamaa hiyo ilitokea katika visiwa vya Karibi, ingawa hii ya mwisho ilitoka upande wa Asia. Wale waliosoma Christie hawakuhitaji ramani mpya.

Katika miezi ya mwisho ya 2004 nilimsindikiza shangazi yangu katika zahanati moja ya pwani. Alikuwa na homa siku ya tatu. Daktari alikuwa kijana kutoka bara, mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango. "Mama, unaumwa na nini?" Shangazi akamwambia, "Mwanangu, maungo si kitu. Ni vifundo. Asubuhi siwezi hata kufunga leso." Nilimwona kijana akiandika, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu nikasoma: maneno mawili ya Kiingereza yaliyomaanisha maumivu ya mwili. Kisha akampa dawa ya malaria, kwani pwani mtu akisema homa dhana ya kwanza huwa hiyo. Sidai kujua shangazi alikuwa na ugonjwa gani, hakupimwa. Najua tu kwamba miezi mitatu baadaye bado nilikuwa nikimfungia leso mkewe nduguye, yaani mamangu, akicheka na kusema mikono ya wifi yake imegeuka kuni, naye shangazi akimjibu kuwa kuni afadhali, huwaka.

Katika jibu lile la shangazi kulikuwa na utambuzi kamili. *Maungo* kwa watu wa pwani ni mwili mzima, akayatenga. *Vifundo* ni mahali pa kuungania, cha mkono na cha mguu, akavitaja. *Asubuhi* ilitaja wakati, na kufunga leso ilitaja vidole. Mhadhiri wa tiba angeweza kuwasimamisha wanafunzi kando ya sentensi ile kwa nusu saa. Lakini Kiingereza cha zahanati kilikuwa na kapu moja tu la kuyatilia hayo yote. Tusimlaumu kijana. Vyuo vyetu vya udaktari, kuanzia Makerere mwaka 1924, Dar es Salaam mwaka 1963, na Nairobi mwaka 1967, vimefundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi hujifunza kumsikiliza mgonjwa kwa lugha moja huku akimwandika kwa nyingine. Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. *Viungo* ni mikono na miguu, na ni mahali pa kuungania mifupa pia, mbali na vile vya pilau. *Mifupa inaniuma* yaweza kuwa chochote. Daktari anayejua lugha atauliza tena: ni hapa pa kukunjia, au ni katikati? Ukinyanyua kikombe, chauma kidole au mkono mzima?

Nao ubaguzi huo si wa kufurahisha wataalamu tu. Mgonjwa wa chikungunya hupewa dawa za kutuliza maumivu ya viungo, na aghalabu hapana madhara makubwa. Mgonjwa wa dengi akipewa aspirini au dawa za jamii yake katika siku za homa anaweza kuvuja damu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hupunguza chembe zinazogandisha damu. Tena hatari ya dengi huja homa inaposhuka, wakati ambapo ndugu wa mgonjwa hushukuru Mungu na kutaka kumrudisha nyumbani. Ndiyo maana waganga hushauriwa kwamba, maadamu dengi haijaondolewa shaka, mgonjwa apewe parasetamoli peke yake na atazamwe. Pale ambapo vipimo havipo au vyachelewa, kinachobaki ni swali na jibu, kama katika siku za al-Razi.

Dengi yenyewe, ile ya virusi ya Kimura na Hotta, nayo imefika kwetu. Mwaka 1982 ilithibitishwa katika pwani ya Kenya, pande za Malindi. Mwaka 2013 ilikuwa Mombasa. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019. Katika milipuko hiyo magazeti na matangazo ya serikali yaliandika *homa ya dengue*, wengine *dengi*, na watu walilipokea kama jina la kizungu la ugonjwa wa kizungu. Mara chache mwandishi aliyetazama kamusi aliongeza *kidingapopo*, akidhani ameleta tafsiri. Hivyo neno ambalo pengine lilitoka Unguja kwa majahazi na merikebu za watumwa limerudi Dar es Salaam kwa karatasi za wizara, na jirani yake wa zamani hakulijua.

Kwa watunga kamusi hapa pana shida ya kweli, na sioni njia rahisi ya kuitatua. Kamusi zinapoeleza kwamba kidingapopo ni dengi hufuata matumizi ya wataalamu wa karne iliyopita, nazo haziwezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini ikiwa Carey amesema kweli, zimempa msomaji jina la ugonjwa ambao wazee waliomsimulia Christie hawakuuugua, na zimeunyima jina lake la Kiswahili ule walioumwa nao, ambao sasa tunauita kwa Kimakonde.